Kanisa Likigawa Unga, Lisiulize Unasali Wapi

Ndugu zetu vijana, na nyinyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunaandika jambo ambalo limetukaa kooni muda mrefu. Tunajua wengine watasema tunapiga vita kanisa. Hapana. Wengi wetu katika kikundi hiki tulilala ndani ya kanisa usiku wetu wa kwanza Kampala, juu ya mabenchi, begi chini ya kichwa, viatu tumevaa ili visiibiwe. Asubuhi mama mmoja wa kwaya alituletea chai na mandazi, hakuuliza hata tumetoka wapi. Kwa hiyo soma mpaka mwisho kwanza, halafu utujibu.

Ilikuwa Jumamosi. Kanisa moja upande wa Makindye, jina hatutalitaja, lilipata wageni kutoka ng'ambo. Wageni walinunua posho, maharage, sabuni ya mche na mafuta ya kupikia, vyote vikafungwa ndani ya kaveera kubwa, mafungu 80. Wazee wa kanisa wakatuita sisi vijana tusaidie kuandika orodha na kupanga foleni, maana walijua tumeshafanya kazi hiyo kambini. Kweli tuliifanya. Kule Kyaka II tulikuwa watu wa kujitolea, tunatafsiri, tunapanga mistari, tunabebea wazee magunia. Kambini mtu akisimama na karatasi yake ya familia, unasoma idadi ya watu, unapiga alama, anapita. Hakuna swali la ziada.

Siku ile Makindye watu walifika labda mia mbili. Mzee mmoja akatuambia kwa upole kabisa: andikeni kwanza wa kanisa, halafu wanaokuja ibadani mara kwa mara, wengine kama kitabaki kitu. Tukaandika. Ikafika zamu ya mama mmoja wa Maniema, mtoto mgongoni, mwingine ameshika kitenge chake. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Masajja. Tulimwuliza anasali wapi. Akasema, "Miye ni Mwislamu, mwanangu. Lakini niandike tu, batoto habajakula tangu jana." Tukamwandika. Mzee akapita, akaangalia karatasi, akasema huyu si wetu. Na sisi, kwa mkono wetu na kalamu yetu, tukapiga mstari juu ya jina lake.

Hakuna mtu aliyetushika mkono. Tungeweza kusema kitu, na hatukusema.

Yule mama hakugombana. Alikaa pembeni chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja jioni. Mafungu 11 yalibaki. Yakapelekwa stoo, ati ya wageni wa wiki ijayo. Tulipokuwa tunakunja meza akasimama, akafunga mtoto vizuri mgongoni, akatuambia asante, Mungu awabariki. Angetutukana tungelala usingizi.

Sasa, kwa nini jambo hili ni zito hapa Kampala kuliko kambini? Ndugu wa mashirika mnajua, lakini tuseme kwa ajili ya wale wapya. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ni nzuri kweli, tusiidharau. Inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, mambo ambayo wenzetu katika nchi nyingine wanayasikia kama hadithi. Lakini mpango wenyewe umejengwa juu ya makazi ya vijijini: Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja, Kyaka, Bidibidi. Huko ndiko kuna kiwanja na chakula. Ukichagua mji, maana yake umesema utajitegemea. Wakimbizi walioandikishwa hapa mjini ni zaidi ya laki moja, na chakula cha mwezi hakiwahusu. Unakaa ndani ya muzigo wa chumba kimoja, unalipa kodi, unanunua maji kwa jerikeni, makaa ya sigiri kwa kopo. Mama anatembeza vitenge na hereni kutoka Katwe mpaka katikati ya mji, akiwakwepa askari wa KCCA. Siku akikamatwa na mzigo wake, nyumbani hakuna bugali.

Halafu ukaja mwaka 2025. Mwezi wa kwanza Goma ikaanguka mikononi mwa M23, mwezi wa pili Bukavu. Watu wakavuka mpaka. Miezi hiyo hiyo pesa za Marekani zikakatwa, na mwezi wa tano WFP ikatangaza kwamba imewaondoa watu milioni 1 kwenye chakula cha msaada Uganda. Milioni moja, katika nchi yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Waliokuwa kambini wakaona hakuna tena tofauti ya kukaa kijijini na njaa au kukaa mjini na njaa, wakapanda basi. Tuliwapokea wengine wenyewe, binamu, majirani wa zamani, watu waliotupigia simu kutoka stendi saa tano za usiku wakiuliza, muko wapi?

Ofisi saa hizo zimefungwa. Jumamosi zimefungwa, Jumapili pia. Mlango uliobaki wazi ni wa kanisa.

Na tuseme ukweli wote: makanisa yanayopokea watu si yale yenye minara mnayoyaona juu ya vilima vya Rubaga na Namirembe. Mara nyingi ni yale madogo ya wakimbizi wenyewe, mabati na maturubai, banda la kukodi ambalo mwenye nyumba anadai kodi kama anavyodai kwetu. Wanasali kwa Kiswahili, Kinyamulenge, Kilingala, spika moja inakoroma. Kapu likipita linakusanya sarafu za shilingi 500. Na sarafu hizo tumeziona zikimtoa mtoto hospitalini, zikinunua jeneza, zikimlipia mjane mwezi mmoja ili asitupiwe vyombo nje. Hakuna ripoti iliyoandikwa, hakuna fulana yenye nembo. Mtafiti akija Kampala kuuliza nani anasaidia wakimbizi, ataandika majina ya mashirika kumi na atawasahau hawa bamama wa kwaya.

Tunakumbuka 2020. Mwezi wa tatu serikali ilifunga shule na nyumba za ibada kwa sababu ya korona, halafu usafiri ukasimama. Ilipoanza kugawa chakula kwa watu wa mji, kilo 6 za posho na 3 za maharage kwa kila mtu, wakimbizi wengi waliambiwa hicho ni cha raia. Sisi tulichungulia dirishani tukaona gari linapita. Boda zilikuwa zimekatazwa kubeba watu, zinabeba mizigo tu. Basi pasta mmoja akawa anapakia gunia la unga kwenye boda, anampa dereva majina ya nyumba kwenye kikaratasi, na dereva anazunguka. Gunia linaingia mtaani, pasta anabaki nyumbani kwake. Katika kile kikaratasi hakukuwa na safu ya dini. Dereva mwenyewe alikuwa Mwislamu, na alipewa fungu lake kama wengine.

Kwa hiyo hatusemi kanisa halijui kutoa. Linajua. Tunasema kuna kitu kinaharibika pale vitu vinapokuwa vingi, na hasa pale mgeni anapokuja na kamera.

Mmoja wa wazee wale tulimrudia baadaye, tukamwuliza bila hasira. Alitujibu vizuri, na jibu lake tunaliheshimu. Alisema: vijana, hata Paulo anawaandikia Wagalatia watende mema kwa wote, na hasa kwa walio wa nyumba ya imani. Akasema pia, hawa watu wangu wananiangalia mimi, wanachanga kila Jumapili, nikiwapa wapita njia kwanza nitawaambia nini? Tukanyamaza. Ni swali la kweli. Mtu anayechanga sarafu zake kwa miaka ana haki ya kushikwa mkono siku yake ikifika. Hata kikundi chetu cha vijana tunacho kisanduku cha namna hiyo, na hatumpi kila anayepita barabarani.

Lakini tumefikiri, na hapa ndipo tunatofautiana na mzee. Kapu la kanisa ni la kanisa. Waligawane wenyewe kwa utaratibu wao, hatuna neno. Lile gari la wageni lakini halikuja kwa jina la washirika wa kanisa lile. Lilikuja kwa jina la wakimbizi. Picha zilizopigwa siku ile zilikwenda ng'ambo zikisema wakimbizi wa Kongo, wakimbizi wa Kampala. Yule mama wa Masajja alihesabiwa kwenye shida iliyoombewa pesa, akatolewa kwenye unga ulionunuliwa kwa pesa hizo. Ukiomba kwa jina langu, nipe kwa jina langu. Na neno "hasa" la Paulo halijawahi kumaanisha "peke yao", neno "wote" limetangulia mbele yake.

Turudi kidogo kwa yule Msamaria ambaye kila pasta anamhubiri. Watu wanapenda sehemu ya mafuta na divai kwenye vidonda. Sisi wapangaji wa mizigo tunapenda sehemu ya baadaye, pale nyumba ya wageni. Alimlipa mwenye nyumba dinari mbili, akasema gharama ikizidi nitalipa nikirudi. Yaani alilipa kodi! Na aliahidi kurudi. Hakumwuliza aliyejeruhiwa anasali Yerusalemu au kwenye mlima wa Wasamaria, ingawa ugomvi wa siku zile ulikuwa huo huo. Hatusomi popote kwamba alimwamsha yule mtu asimulie mbele ya watu jinsi wanyang'anyi walivyompiga.

Hili la kusimulia tulitaje wazi. Tumetafsiri mara nyingi kwa wageni. Mgeni ana moyo mzuri, anataka kuelewa, anasema mwambie atueleze yaliyompata njiani. Mama anasimama mbele ya kanisa zima, watoto wake wamekaa mstari wa mbele, anaanza kueleza. Sisi tunatafsiri. Anafika mahali anakatika, na mgeni anasema mwambie achukue muda wake. Halafu anapewa fungu. Kuna dada mmoja alituambia, yaya, kile kilo tano cha posho ndicho chakula cha bei kali kuliko vyote nimewahi kula. Tangu siku hiyo baadhi yetu tumekataa kutafsiri ushuhuda unaotolewa kabla ya msaada. Akitaka kushuhudia baada ya kupata, siku nyingine, kwa hiari yake, tutatafsiri mpaka koo likauke.

Nguo nazo, tupite haraka. Makoti ya barafu, ndugu zetu. Kampala. Mmoja wetu alipewa buti za kuteleza kwenye theluji, akaziuza Owino kwa mtu ambaye mpaka leo hatujui alizifanyia nini.

Mfano wa kinyume upo, na tunatoka nao nyumbani. Hospitali ya Panzi kule Bukavu ilianza 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, na Wapentekoste wa Sweden waliisaidia. Daktari Mukwege mwenyewe ni mtoto wa mchungaji. Alipopewa Nobeli mwaka 2018 dunia nzima ikamjua, lakini akina mama wa Kivu walimjua zamani. Mwanamke aliyefika pale ameumizwa alipelekwa kwenye matibabu, na dini yake haikuwa tiketi ya mlangoni. Hata hapa Kampala, JRS, shirika la Wajesuiti lililoanzishwa mwaka 1980 na Padri Pedro Arrupe alipoona mateso ya wakimbizi wa Vietnam waliokimbia kwa mashua, linafundisha Kiingereza darasa ambalo Mwislamu na Mkristo wanakaa benchi moja. Baadhi yetu Kiingereza chetu hiki cha kuungaunga tulianzia huko. Hakuna aliyetuuliza rozari.

Na kama mtu anadhani ukimbizi ndani ya Uganda ulianza na sisi Wakongo, aende Nyabyeya, wilaya ya Masindi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi maelfu walikaa pale na Koja karibu na ziwa. Wazungu, wakimbizi, Uganda! Walijenga kanisa lao Nyabyeya na bado limesimama. Tunapenda kuwakumbusha wageni wetu hadithi hiyo, kwa heshima, hasa wakianza kutuuliza kama tunajua kutumia choo.

Ndugu wa mashirika, msicheke kanisa. Nyinyi pia mna mambo yenu. Picha mnapiga, tena mnatuambia tushike kibao chenye nembo. Fomu zenu zina maswali arobaini na mkimaliza mnasema tutawapigia. Tunaelewa kwamba hesabu lazima iwe ya kweli. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walihesabu watu upya kwa alama za vidole, na idadi ikashuka kutoka karibu milioni 1.4 mpaka karibu milioni 1.1. Jina hewa linakula chakula cha mtu hai, hilo tumelikubali. Lakini kati ya fomu ya maswali arobaini na mzee anayeuliza unasali wapi, mwenye njaa anaona ukuta ule ule, rangi tu tofauti. Mngekuja Jumamosi moja mkae na wachungaji wa mabanda, muwaonyeshe jinsi ya kutunza orodha ya haki na daftari la pesa, mngefanya kazi kubwa kuliko semina nyingine ya siku mbili hotelini. Wao wana mlango ulio wazi usiku. Nyinyi mna utaratibu.

Na sisi vijana tujisemee wenyewe, maana kalamu iko mikononi mwetu. Mtu wa kujitolea anapewa nauli na soda, basi, lakini siku ya kugawa anakuwa mkubwa kuliko waziri. Kila mtu anakuita mwanangu. Mmoja wetu, na yuko hapa anasoma tukiandika, aliwahi kuandika jina la shangazi yake mara mbili, moja kwa jina la ndoa. Mwingine alipokea kuku. Tusimlaumu mzee wa Makindye peke yake wakati karatasi zetu zina madoa ya kuku.

Tumekubaliana kikundini mambo machache, si mengi, tuone kama yatashika. Kanisa likituita kuandika orodha ya vitu vilivyotoka nje, tutauliza mapema: ni vya kanisa au vya wakimbizi? Kama ni vya kanisa, wazee waandike wenyewe, sisi tutabeba magunia bure kabisa. Kama ni vya wakimbizi, tangazo litapelekwa pia msikitini na kwa mwenyekiti wa LC, na karatasi yetu itakuwa na safu tatu: jina, watu wangapi nyumbani, kodi ya miezi mingapi inadaiwa. Sala iwepo, tunaitaka, lakini iwe baada ya kugawa na mlango ukiwa wazi, atakayebaki abaki kwa sababu anataka. Mgeni akituuliza anunue nini, tutamwambia kodi. Muzigo mmoja kwa miezi mitatu unamweka mama na watoto ndani ya nyumba, anapata pumzi ya kuuza vitenge vyake. Unga unaisha Alhamisi.

Wachungaji wawili tumeshaongea nao. Mmoja amekubali palepale, akasema alikuwa anatafuta mtu wa kulisema. Wa pili amesema ataliombea, na sisi tunajua maana ya hilo, lakini tutamrudia.

Yule mama wa Masajja tulimtafuta. Wiki mbili baadaye watatu wetu tulikwenda na posho kilo kumi tuliyochanga, sukari, na shilingi 40,000. Tulizunguka na maelezo tu, mama wa Maniema, watoto wawili, mmoja wa mgongoni. Dada mmoja anayeuza nyanya akatuonyesha mlango. Ulikuwa na kufuli jipya. Akasema mwenye nyumba alitoa vyombo nje siku ya Jumatatu, mama akaondoka na watoto, labda Nakivale, labda kwa mtu wake Ndejje, hakuaga. Tuliuliza Jumatatu ipi. Tukahesabu. Ilikuwa siku mbili baada ya Jumamosi ile.

Ile karatasi tunayo bado. Jina lake linasomeka chini ya mstari. Kama wewe unayesoma uko Nakivale au Ndejje na unamfahamu mama wa namna hiyo, tuandikie sisi kwa faragha, usimweke jina hapa hadharani.